James Parkinson: Tabibu wa mtaani aliyeutambulisha ulimwengu kwa ugonjwa wa kutetemeka

JINA la James Parkinson huandikwa kila siku katika kadi za wagonjwa, kuanzia London hadi Homa Bay, lakini ni wachache wanaofahamu kwamba lilikuwa la mtu aliyeishi, akaoa, akalea watoto na kuwatibu maskini wa mtaa wake kwa takriban miaka 40.

Tabibu huyo Mwingereza aliaga dunia Desemba 21, 1824. Miaka 200 ilipotimia tangu kifo chake, mnamo Desemba 2024, maradhi aliyoyaeleza yalikuwa tayari yamehesabiwa miongoni mwa maradhi ya ubongo yanayoongezeka kwa kasi kubwa zaidi ulimwenguni.

Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO), zaidi ya watu milioni 8.5 walikuwa wakiugua ugonjwa huo mwaka 2019, idadi ambayo ilikuwa imeongezeka maradufu katika kipindi cha miaka 25.

Katika vijiji vya Homa Bay na Migori, mzee ambaye mkono wake hautulii na hatua zake zimekuwa fupi aghalabu huchukuliwa kuwa ameshikwa na uzee tu. Wapo wanaodhani amerogwa, na wapo wanaomshuku kuwa mlevi wa chang'aa.

Ilhali dawa ya kumrejeshea mzee huyo uwezo wa kutembea, kushika kikombe na kufunga vifungo vya shati lake imekuwapo tangu miaka ya 1960. Safari ya dawa hiyo ilianzia kwa mtu ambaye hakuwa na dawa yoyote ya kutoa, ila macho makini na kalamu.

MWANA WA TABIBU

Parkinson alizaliwa Aprili 11, 1755 katika nyumba nambari 1, Hoxton Square, Shoreditch, eneo ambalo wakati huo lilikuwa pembezoni mwa jiji la London. Baba yake, John Parkinson, alikuwa tabibu wa watu wa kawaida. Alichanganya dawa na kuziuza, alipasua majipu, aliunga mifupa iliyovunjika na kuwazuru wagonjwa majumbani mwao.

Matabibu wa aina hiyo hawakuwa na shahada za chuo kikuu, na waliwekwa chini ya madaktari waliosoma vyuoni na kuwahudumia matajiri. James naye hakuja kuipata shahada hiyo. Alijifunza kazi kwa miaka saba chini ya baba yake, kisha mwaka 1776 akasomea katika London Hospital kwa miezi sita.

Mwaka 1777, akiwa na umri wa miaka 22 pekee, alituzwa medali ya fedha na shirika la Royal Humane Society kwa kusaidia kumrejeshea uhai mtu aliyekuwa amejinyonga. Mwaka 1784 aliidhinishwa rasmi kuwa mpasuaji, na baba yake alipofariki mwaka huohuo, kijana akairithi kazi pamoja na wagonjwa.

Hata hivyo hakuridhika na elimu aliyokuwa nayo. Mwaka 1785 alihudhuria mihadhara ya John Hunter, mpasuaji mashuhuri kuliko wote jijini humo, akainakili kwa hati mkato. Maandishi hayo yalikuja kuchapishwa na mwanawe mwaka 1833, miaka tisa baada ya mwandishi wake kuzikwa.

MBELE YA BARAZA LA MFALME

Parkinson hakuwa mtu wa kufumbia macho dhuluma. Katika miaka ya 1790, wakati moto wa mapinduzi ya Ufaransa ulipokuwa ukiwatia hofu watawala wa Uingereza, alijiunga na London Corresponding Society, chama cha mafundi na wafanyakazi kilichodai haki ya kupiga kura kwa watu wa kawaida.

Aliandika vijitabu vya kisiasa akitumia jina la kubuni, Old Hubert. Katika vijitabu hivyo aliwatetea maskini waliotozwa kodi na kupelekwa vitani bila kuwa na mwakilishi bungeni, na akahimiza mageuzi yasiyo na umwagaji damu.

Mwaka 1794 baadhi ya wanachama wa chama hicho walikamatwa na kushtakiwa kupanga njama ya kumuua Mfalme George III kwa mshale wenye sumu. Parkinson alijitokeza mwenyewe mbele ya Baraza la Mfalme, ambalo Waziri Mkuu William Pitt alikuwa mmoja wa wajumbe wake, akawatetea wenzake.

Alikataa kujibu maswali hadi alipohakikishiwa kuwa hatalazimishwa kujitia hatiani, kisha akakiri bila kusita kwamba yeye ndiye aliyeandika baadhi ya vijitabu hivyo. Lilikuwa jambo la hatari kubwa, kwani zama hizo mtu aliweza kunyongwa au kuhamishwa hadi Australia kwa makosa ya uhaini na uchochezi. Hakufunguliwa mashtaka.

Baada ya tukio hilo alipunguza siasa na kuelekeza kalamu yake kwa afya ya umma. Aliandika vitabu vya kuelimisha familia kuhusu magonjwa, kikiwemo kimoja cha wanavijiji kilichochapishwa mwaka 1800, pamoja na kitabu cha kuwaonya watoto dhidi ya michezo ya hatari. Mwaka 1805 aliandika kuhusu jongo, maradhi yaliyomtesa yeye mwenyewe.

Mwaka 1812, akishirikiana na mwanawe ambaye pia alikuwa tabibu, alieleza kisa cha mtoto aliyefariki baada ya kidole tumbo chake kutoboka. Kisa hicho huhesabiwa kuwa miongoni mwa vya kwanza kuandikwa kwa Kiingereza kuhusu maradhi hayo.

MPENZI WA VISUKUKU

Wakati wa uhai wake, Parkinson hakujulikana sana kwa ugonjwa wa kutetemeka. Sifa zake zilitokana na visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe.

Kati ya mwaka 1804 na 1811 alichapisha juzuu tatu kubwa kuhusu mabaki hayo, zikiwa na michoro ya kupendeza. Mwaka 1807 alikuwa mmoja wa watu 13 walioasisi Geological Society ya London, chama kinachotambuliwa kuwa kikongwe zaidi duniani katika fani ya jiolojia. Kiumbe mmoja wa kale wa baharini, mwenye gamba lililojizungusha kama konokono, alipewa jina la Parkinsonia kwa heshima yake.

Kwa sababu hiyo, lau tabibu huyo angeishi katika karne ya 20, Homa Bay ingemvutia kwa namna nyingine kabisa. Ni katika kisiwa cha Rusinga ambapo Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul mwaka 1948, kiumbe wa jamii ya sokwe aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kwamba zana za mawe zilizofukuliwa Nyayanga, katika rasi ya Homa, zina umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3.

Tabia ya mtafuta visukuku ndiyo iliyomfaa Parkinson katika utabibu. Alizoea kuviangalia vitu vilivyotawanyika, kulinganisha umbo na umbo, na kutambua kwamba vipande vilivyookotwa mahali mbalimbali vilitoka kwa kiumbe wa aina moja. Hivyo ndivyo alivyowatazama wagonjwa wake.

KURASA 66

Mwaka 1817, akiwa na umri wa miaka 62, alichapisha kijitabu cha kurasa 66 kuhusu alichokiita kupooza kwa kutetemeka. Kilijengwa juu ya watu sita tu.

Kati ya watu hao sita, wawili alikutana nao kwa bahati barabarani, mmoja akiwa baharia wa zamani. Mwingine alimwona kwa mbali tu. Hakuwa na mashine ya kupiga picha za ubongo wala maabara ya kupimia damu. Alitazama namna mtu alivyosimama, alivyoinua mguu na alivyoushika mkono wake uliokuwa ukitetemeka.

Aliandika kwamba mtetemeko huanza polepole, aghalabu katika mkono mmoja, na huonekana hata kiungo kinapokuwa kimetulia bila kufanya kazi. Miaka inapopita, mwili huinama mbele, hatua hufupika, na mgonjwa hujikuta akikimbia kwa hatua ndogo ndogo bila kutaka, kana kwamba anasukumwa kutoka nyuma.

Alieleza pia jinsi kuandika kunavyokuwa kugumu, chakula kinavyoshindwa kufika kinywani, choo kinavyofunga, udenda unavyotiririka na usingizi unavyokatizwa. Zaidi ya yote alionyesha kwamba dalili hizo zote, ambazo madaktari walizihesabu kuwa maradhi tofauti, zilikuwa za ugonjwa mmoja.

Yapo aliyoyakosea. Aliamini kwamba akili ya mgonjwa hubaki salama daima, ilhali leo inafahamika kuwa kumbukumbu na hisia huathirika kwa wengi. Alidhani chanzo kiko katika uti wa mgongo sehemu ya shingo. Lakini alikubali bayana kwamba hakuwa amepata nafasi ya kupasua maiti ya mgonjwa hata mmoja, akawaomba wenzake wenye ujuzi huo waikamilishe kazi.

Kuhusu tiba, mapendekezo yake yalikuwa yale ya zama zake: kumtoa mgonjwa damu shingoni na kuweka malengelenge ili usaha utoke. Njia hizo hazikumsaidia mtu.

Hata hivyo, kuna ushauri wake mmoja ambao umedumu. Alisema haikufaa kumnywesha mgonjwa dawa za kubahatisha kabla ya chanzo cha ugonjwa kufahamika vyema. Katika enzi ambapo kila tabibu alikuwa na chupa yake ya miujiza, na yeye mwenyewe akiishi kwa kuuza dawa, hayo yalihitaji uaminifu mkubwa.

Desemba 1824 alipatwa na kiharusi kilichomnyang'anya usemi, akafariki tarehe 21 akiwa na umri wa miaka 69. Alizikwa katika kanisa la St Leonard's, Shoreditch, alikobatizwa. Hakuna picha yake yoyote inayojulikana kusalia.

Kijitabu chake nacho kilikaribia kusahaulika. Ilibidi kusubiri zaidi ya miaka 40 kabla ya daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot, bingwa wa maradhi ya neva jijini Paris, kupendekeza ugonjwa huo uitwe kwa jina la Parkinson. Charcot alitambua kwamba wapo wagonjwa wasiotetemeka kabisa, ila viungo vyao hukakamaa na mwendo wao hupungua.

DAWA YAPATIKANA

Mwaka 1919 Konstantin Tretiakoff, mtafiti kutoka Urusi aliyekuwa Paris, alionyesha kuwa wagonjwa hao hupoteza seli katika sehemu ndogo nyeusi iliyo kwenye shina la ubongo. Kazi ya seli hizo haikujulikana hadi mwaka 1957, wakati Arvid Carlsson wa Sweden alipofanya jaribio lililobadilisha mambo.

Carlsson aliwapa sungura dawa ya reserpini, nao wakabaki wamelala bila kusogea. Alipowadunga levodopa, waliinuka. Alionyesha kwamba ubongo hutumia kemikali iitwayo dopamini kuendesha mwili, kazi iliyochangia kumpa Tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Mwaka 1960, Oleh Hornykiewicz na mwenzake Herbert Ehringer jijini Vienna walipima ubongo wa waliofariki kutokana na ugonjwa wa Parkinson, wakagundua kwamba dopamini ilikuwa imepungua mno. Mwaka uliofuata, Hornykiewicz na daktari Walther Birkmayer waliripoti kuwa wagonjwa waliodungwa levodopa waliweza kuinuka na kutembea, ingawa kwa saa chache tu.

Swali la kwa nini wagonjwa hawapewi dopamini yenyewe lina jibu rahisi. Dopamini haiwezi kupenya kutoka katika damu hadi ubongoni. Levodopa hupenya, kisha ubongo wenyewe huigeuza kuwa dopamini.

Aliyeifanya kuwa dawa ya kumezwa kila siku ni George Cotzias, mzaliwa wa Ugiriki aliyefanya kazi Marekani. Alikuwa akichunguza wachimba migodi wa Chile waliopata dalili zinazofanana na za Parkinson kutokana na vumbi la manganizi. Mwaka 1967 aliripoti kuwa mgonjwa akianza na kiasi kidogo na kuongezewa polepole, huweza kuivumilia dawa na kupata nafuu ya kudumu.

Katika miaka ya 1970 levodopa iliunganishwa na kabidopa katika kidonge kimoja. Kabidopa huizuia levodopa isigeuke dopamini mapema ikiwa bado tumboni na katika damu, na hivyo hupunguza kichefuchefu na kutapika. Mseto huo ndio uti wa mgongo wa tiba hadi leo, na umo katika orodha ya dawa muhimu ya WHO.

Dawa hiyo haiponyi ugonjwa wala haizuii seli kuendelea kufa. Hupunguza dalili. Baada ya miaka kadhaa, nguvu yake huanza kuisha kabla ya wakati wa kumeza kidonge kinachofuata, na baadhi ya wagonjwa hupata mikupuo ya viungo kujipinda bila hiari. Hapo daktari hubadilisha kiasi na saa, au huongeza dawa nyingine kama vile amantadini.

Kwa miaka mingi kulikuwa na hofu kwamba kuianza levodopa mapema huiharakisha mikupuo hiyo. Utafiti uliowalinganisha wagonjwa wa Ghana na wa Italia, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba muda ambao mtu amekaa na ugonjwa, pamoja na ukubwa wa dozi, ndio wenye uzito, wala si muda aliotumia dawa. Kwa maneno mengine, mgonjwa hana faida ya kunyimwa nafuu.

UPUPU WAINGIA MAABARANI

Levodopa haikubuniwa na binadamu. Mwaka 1913 mwanakemia Marcus Guggenheim aliitoa katika maharage ya jamii ya baklа, na mwaka 1937 watafiti wa India wakaipata kwa wingi katika mbegu za upupu, mmea ambao vinyweleo vyake huwasha na ambao Waswahili wamekuwa wakiutolea mifano ya chuki na fitina tangu jadi.

Aina za upupu zisizowasha zimefanyiwa majaribio kama mbolea ya kijani katika mashamba ya magharibi mwa Kenya. Mwaka 2017 madaktari walioongozwa na Roberto Cilia waliripoti kwamba unga wa mbegu hizo ulipunguza dalili kwa wagonjwa 18 nchini Bolivia, takriban sawa na vidonge.

Habari hizo zisichukuliwe kuwa ruhusa ya kujitibu. Kiasi cha levodopa hutofautiana kutoka mbegu hadi mbegu, na unga huo hauna kabidopa. Mgonjwa anayeukoroga nyumbani hawezi kujua anameza dozi ya siku moja au ya siku tatu. Ni ubahatishaji uleule ambao Parkinson aliuonya.

HOMA BAY NA MIGORI

Afrika Mashariki ilipata picha halisi ya tatizo hili kutoka wilaya ya Hai, Kilimanjaro nchini Tanzania. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye zaidi ya watu 161,000, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2008. Walipata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kutambuliwa wala kutibiwa.

Nchini Kenya, utafiti wa upatikanaji wa dawa za Parkinson uliochapishwa mwaka 2016 ulibaini kuwa dawa hizo hazikupatikana katika maduka mengi ya dawa, na bei yake ilikuwa juu ya uwezo wa wengi. Hali hiyo humlemea zaidi mkulima au mvuvi asiye na mshahara, kwani kidonge humezwa mara tatu au zaidi kwa siku, kila siku, hadi mwisho wa maisha.

Madaktari bingwa wa neva nao ni wachache, na wengi wao wako Nairobi. Kwa mgonjwa wa Mbita, Ndhiwa, Kuria au Nyatike, nauli ya kwenda na kurudi pekee inaweza kumaliza pesa za dawa.

Pengo hilo ndilo huifanya benzheksoli, dawa ya zamani iliyo katika hospitali nyingi kwa sababu ya huduma za afya ya akili, kuwa kimbilio la haraka. Hupunguza mtetemeko kwa kiasi, lakini kwa wazee inaweza kuleta kuchanganyikiwa, kusahau na kushindwa kukojoa.

Migori ina suala la ziada. Katika machimbo ya dhahabu ya Nyatike, hasa maeneo ya Macalder, wachimbaji wadogo wametumia zebaki kunasa dhahabu na kuichoma wakivuta mvuke wake. Zebaki pia husababisha mtetemeko, lakini huo si ugonjwa wa Parkinson na levodopa si tiba yake. Anayetetemeka kwa zebaki anahitaji kwanza kutolewa katika sumu hiyo. Hivyo basi, tabibu asiyeuliza mgonjwa anafanya kazi gani anaweza kumpa dawa ya ugonjwa asio nao.

Zipo pia dawa zinazoleta dalili za Parkinson au kuzizidisha. Miongoni mwazo ni haloperidoli, inayotumiwa kutibu maradhi ya akili, na metoklopramidi, inayozuia kutapika. Mgonjwa anapaswa kumweleza daktari au mfamasia dawa zote anazomeza kabla ya kuongezewa nyingine.

Chakula nacho kina nafasi yake. Protini hushindana na levodopa kuingia mwilini na ubongoni, hivyo kidonge kikimezwa pamoja na sahani ya ngege, omena au maharage kinaweza kukosa nguvu. Inashauriwa kimezwe takriban nusu saa hadi saa moja kabla ya mlo. Mgonjwa haambiwi aache samaki. Anaambiwa apange saa.

Hatari kubwa kuliko zote ni kuikatiza dawa ghafla kwa sababu imekwisha nyumbani au dukani. Mwili unaweza kukakamaa, joto likapanda na maisha yakawa hatarini. Kwa hiyo rafu tupu katika duka la dawa la hospitali si usumbufu tu wa kumrudisha mtu nyumbani.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya kumezwa maisha yote haiwezekani mashambani. Homa Bay yenyewe imekwisha kulijibu hilo. Mwaka 2001, hospitali ya umma ya mji huo ilikuwa ya kwanza nchini kutoa bila malipo dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, kwa ushirikiano na shirika la Médecins Sans Frontières. Wakati huo walikuwako wataalamu waliodai kuwa wanavijiji wa Afrika hawangeweza kufuata saa za kumeza vidonge. Walikosea.

Njia iliyotumika wakati huo inajulikana: muuguzi aliyefunzwa, dawa isiyokatika, kliniki iliyo karibu na jamaa anayekumbusha. Levodopa haihitaji zaidi ya hayo. Aidha, hati miliki yake ilikwisha kitambo, na viwanda vingi huitengeneza.

Kutambua wagonjwa pia hakuhitaji mashine ghali. Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa wahudumu 100,000 wa afya ya jamii wanaozuru wananchi majumbani, na tangu mwaka 2013 huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Mhudumu aliyeonyeshwa dalili nne tu, yaani mtetemeko wa kiungo kilichotulia, mwendo wa polepole, viungo vilivyokakamaa na kuyumba anaposimama, anaweza kumpeleka mzee hospitalini miaka kadhaa kabla hajaanguka na kuvunjika nyonga.

Parkinson hakuwa na zaidi ya hapo. Alikuwa tabibu wa mtaani asiye na shahada, aliyekutana na baharia mzee njiani na asimpite kama walivyompita wengine. Aprili 11, siku aliyozaliwa, huadhimishwa kila mwaka kuwa siku ya ugonjwa unaobeba jina lake.

Kwa wagonjwa wa kando ya ziwa, maadhimisho yenye maana ni yale yatakayohakikisha kwamba kidonge kilichogunduliwa zaidi ya nusu karne iliyopita kiko kwenye rafu ya hospitali iliyo karibu nao, na kwamba mwezi ujao kitakuwapo tena.